Deklara wa Dunia Saba

Ukimletea nyanya aliandika nyanya, na ukimletea maneno aliuliza ukurasa. Hivyo ndivyo ningemweleza kwa mtu mwenye haraka. Kwa asiye na haraka naandika hapa, ingawa shule yangu iliishia darasa la sita na najua wapo wa chuo ambao wangemweleza vizuri kunishinda. Ila wao walimjua Jumamosi tu. Mimi nilikaa naye chini ya bati moja miaka kumi na minne, meza yake kushoto, mashine yangu ya fotokopi kulia, karibu na bariyeri, kizuizi cha mpakani cha kuvukia Rusizi kwenda Bukavu.

Kazi yake ilikuwa kuwaandikia wafanyabiashara karatasi za duwane, yaani za kutangaza mizigo forodhani. Ndiyo maana wote tulimwita Deklara, au Papa Deklara, na mimi kwa kukaa naye nikawa Maman Kopi. Alizaliwa wapi na wa ukoo gani sikuuliza. Nilimkuta mtu mzima, mwembamba, shati limepigwa pasi hata mfukoni, na kwenye mfuko huo kalamu mbili: ya bluu ya duwane, nyekundu ya vitabu. Kati ya mteja na mteja alisoma. Mteja akija alimaliza kwanza aya, kisha akainua kichwa. Wengine waliudhika, nami nawapa haki, maana samaki hawangoji aya.

Vitabu vyenyewe vilikuwa saba, vya Kifaransa, vya mwandishi mmoja, na kila kimoja kilikuwa na dunia yake. Siku za mwanzo nilidhani ni vya dini. Kumbe ni vya uchawi, lakini uchawi uliopangwa kama kazi. Katika dunia moja mganga huvuta maumivu ya mgonjwa na kuyatia kwenye meno yake mwenyewe, na meno yakiisha, uganga umekwisha. Katika nyingine wafalme hufunga upepo kwa mafundo ya kamba, na fundo likifunguliwa halifungiki tena. Katika nyingine, ya jangwa la chumvi, mtu hawezi kuinua jiwe kwa neno mpaka asahau kwanza jina la mtu anayempenda.

Deklara alikuwa Mwislamu wa Kamembe, mji wa upande wetu, wa kuswali kwa saa, na majirani walimuuliza mara nyingi kwa nini anasoma mambo ya wachawi. Jibu lake lilikuwa moja. Uchawi wa vitabuni una sheria, unaweza kumkamata anayeuvunja. Wa mtaani hauna sheria, kwa hiyo ni uongo tu. Aliyasema haya hata kwa mganga mmoja wa kienyeji aliyekuja kuandikiwa karatasi, na mganga yule alikwenda kuandikiwa kwingine.

Kilicholeta watu ni swali ambalo mwandishi hakulijibu popote: hizi dunia saba zimeungana wapi, na mtu anavukaje kutoka moja hadi nyingine? Kila msomaji alikuwa na jibu lake. Jumamosi mchana kazi ikipungua walikuja wanafunzi wa Bukavu, mwalimu mmoja wa hapa, na fundi cherehani wa Kamembe, wakajaza mabenchi yangu. Mwalimu alishika kwamba dunia zote ni moja, zinasimuliwa tu kwa nyakati saba. Fundi alishika kwamba ni ndoto za mtoto mgonjwa, yule mwenye homa mwisho wa kitabu cha kwanza. Walibishana mpaka wapita njia wakasimama wakidhani kuna ugomvi wa kiwanja.

Maman mmoja muuza nyanya alipenda kumchokoza. Siku moja alimuuliza, kwa sauti ya kusikika foleni nzima, “Papa Deklara, kule kwa dunia ya saba iko foleni kama hii?”

“Iko,” alisema bila kuinua kichwa, kwa Kiswahili chetu cha mpakani, kinachofanya ‘wa’ kuwa ‘ba’ na ‘ndiye’ kuwa ‘njo’. “Lakini kule habapitishe bandugu yabo mbele.”

Foleni ilicheka, isipokuwa mlinzi wa bariyeri, na sote tulijua kwa nini.

Nadharia yake ilitoka kazini. Kitu hakitoki mahali bila kuingia mahali, ndivyo alivyosema, na kama nguvu imetoka dunia ya tatu, nionyeshe ilikoingia. Alikuwa na msingi, tena msingi mzuri, nami naueleza kwa uangalifu kwa sababu ndio ulioleta yote.

Katika kitabu cha tatu yule mganga wa meno anawakimbia maadui zake. Mwisho wa ukurasa wa mia na kumi na mbili anaweka mkono kwenye mlango na kuusukuma. Ukurasa unaofuata, yeye hayupo. Yupo mwanamume asiye na jina, anaamka katika jangwa la chumvi. Sasa fungua kitabu cha tano, ambacho ni cha jangwa hilo. Ukurasa uleule wa mia na kumi na mbili, mwanamume asiye na jina anainamia kisima. Geuza, naye hayupo. Yupo mtu anaingia jikoni, na dada yake anamwambia, “Umechelewa. Shika kisu.”

Maneno hayo yalikuwa mzaha wetu. Mtu akichelewa Jumamosi aliambiwa ashike kisu.

Deklara alisema mganga na yule mwanamume wamebadilishana: mganga yuko jangwani, mwanamume yuko jikoni. Hakuna anayevuka peke yake: anayetoka huku, mwingine anaingia huku, saa ileile. Na jina hubaki bariyeri. Tena alikuwa na ushahidi. Kurasa chache baada ya kuamka jangwani, yule mwanamume analalamika kwamba jino linamuuma. Jino, katika dunia isiyo na uganga wa meno. Alipotuonyesha mara ya kwanza, mwalimu alivua miwani akaifuta akaivaa tena. Kuanzia hapo, Deklara alipekua vitabu vyote na kukuta watu wasio na majina wakitokea hapa, wakipotea pale, naye akawaoanisha wawili wawili kwa kalamu nyekundu.

Watu watauliza mbona hakushangaa kitabu kuruka hivyo. Jibu la haki ni kwamba mwandishi yule aliruka hivyo popote.

Alikuwa na ugumu wake, sitauficha. Mtu aliyesema “nadhani” aliulizwa ukurasa, na asipokuwa nao alinyamazishwa. Riziki, msichana wa chuo kutoka Bukavu, alishika kwamba hakuna aliyevuka hata mmoja. Alisema dunia zile zinafanana kwa sababu huzuni za watu zinafanana. Alipoulizwa ukurasa alijibu kwamba ni vyote. Deklara alimwambia mbele ya watu kwamba anasoma kama mtu anayekula sambaza, dagaa wetu wa ziwani, amefumba macho, hajui alipomeza kichwa wala mkia. Riziki alikusanya karatasi zake akaondoka, hakurudi karibu miaka miwili. Kweli, naye alikuwa amemwambia mzee kwamba akili yake imepigwa mhuri. Lakini yeye alikuwa na miaka kumi na tisa.

Na huyuhuyu mkali wa karatasi nilimwona kwa macho yangu akimwandikia mjane mmoja “ndizi” kwa mzigo uliokuwa na zaidi ya ndizi. Niliangalia pembeni.

La ajabu zaidi, huyu mjuzi wa kuvuka dunia aliogopa daraja. Aliandika karatasi za watu maelfu wavuke Rusizi, naye alivuka mara chache za kuhesabika, akishika chuma cha pembeni, macho juu. Alisema ni maji yanayopita chini yanayomzungusha kichwa. Maman wa nyanya alisema ni kwamba anaogopa kubadilishana na Mkongomani.

Sasa nifike kwangu.

Vitabu halisi hatukuwa navyo. Vilikuwa vya mwalimu mmoja wa Bukavu, aliyetuazima viwili viwili, na mimi ndiye niliyevitoa kopi. Kopi za wanafunzi zilitoka kwenye kopi zangu, na za wenzao kwenye zile. Cha tatu na cha tano vilikuja siku moja, navyo vilitakiwa virudi kabla bariyeri haijafungwa. Umeme ulikatika mara mbili. Nilipata nusu ya hiki, nikapata nusu ya kile, vyote nikivikatisha ukurasa uleule, nikaungoja, nikamalizia. Juu ya kurasa hakukuwa na jina la kitabu, namba tu. Nilikuwa na mafungu manne mezani na mwenye vitabu amesimama ananihimiza. Nilitazama namba: mia na kumi na mbili, mia na kumi na tatu, zinafuatana. Nikatoboa, nikafunga kwa kamba. Niliona nimefanya kazi safi.

Miaka kumi na miwili baadaye Deklara alialikwa kusema Bukavu Jumamosi moja, mbele ya wanafunzi, katika ukumbi wenye ubao. Nadharia yake alikuwa ameiandika yote kwenye kaye, daftari lake, akaniletea niitoe kopi thelathini za kugawa. Hakuwahi kunionyesha furaha kama ya siku ile. Aliniuliza kama shati jeupe au la bluu.

Wiki hiyohiyo Riziki alipita. Alikuwa amepata Kigali kitabu cha tatu chenyewe, kizima, na jalada lake. Alitaka kumpa mzee zawadi ya kupatana, ila kwanza nimtolee yeye kopi. Hakuwa na haja ya kukifungua, alisema, anakijua kwa moyo. Akaniachia.

Mimi Kifaransa changu ni cha karatasi za duwane. Lakini nilipofika ukurasa wa mia na kumi na tatu niliona maneno ninayoyajua. Umechelewa, shika kisu. Nikadhani macho yananidanganya. Nikatazama jalada, cha tatu. Nikarudi nyuma ukurasa mmoja: mganga anasukuma mlango. Geuza: anaingia jikoni kwao, na dada yake anamenya.

Nilizima mashine. Nilivuta kopi za zamani kutoka kabatini, kamba zilezile. Sikuhitaji kusoma sana.

Riziki alipokuja nilimwambia mashine imeharibika. Huo ni uongo, nauandika. Siku ya pili nikamwambia tena. Nilijiambia labda mwandishi alitoa chapa mbili, labda cha Kigali ndicho chenye kosa. Nilijiambia pia kwamba mtu wa la sita ni nani hata aseme juu ya vitabu. Nilikipenda sana kisingizio hicho. Lakini zile kopi thelathini zilikuwa zinangoja kwenye sanduku, na kila moja ingekuwa uongo uliotoka mkononi mwangu tena, safari hii nikijua. Na kulikuwa na msichana aliyefukuzwa kwa kosa langu.

Nilimngoja Deklara amalize mteja wake.

“Papa Deklara, kile kitabu cha tatu na cha tano, njo mimi nilivichanganya.”

“Ulichanganya nini?”

“Nusu. Nusu ya huku niliiweka kule.”

Aliuliza tangu lini, nikamwambia siku ile ya umeme. Nikampa kitabu cha Riziki. Alianza ukurasa wa kwanza, akahesabu moja moja kwa kidole, ingawa namba zilikuwepo. Alipofika mia na kumi na mbili alisoma, akageuza, akasoma. Akarudi, akageuza tena.

“Jikoni,” alisema. “Alikuwa anaingia jikoni kwabo.”

Alifunga mhuri wake wa kazi kwenye mfuko akaenda nyumbani, saa nne asubuhi, akaacha mtu wa vitunguu na karatasi nusu. Kesho yake hakuja. Ijumaa alikuja, akaketi, akaniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia hakuna.

Alitoa kalamu nyekundu, akairudisha mfukoni, na nikitaka kuwa mkweli, ninaamini alikuwa anapima. Mimi nilikuwa nimeshapima. Nilimwambia tunaweza kumrudishia Riziki kitabu chake baada ya Jumamosi, watu wasikilize, kisha tutaona. Alinitazama kama anayenitafuta.

“Maman Kopi,” alisema, “bale banaletaka magunia mawili na kusema niandike moja, ninabajibuka nini?”

Nilitaka kumkumbusha mjane wa ndizi. Sikumkumbusha.

Tulivuka pamoja Jumamosi. Kopi thelathini tuliziacha kwenye sanduku. Alivaa la bluu. Darajani alishika chuma kama kawaida yake, nami nilitembea upande wa maji ili asiyaone. Ukumbini ubao ulikuwa umeandikwa kwa chaki jina la nadharia yake, tena kwa maandishi ya kupambwa. Palikuwa na vijana wengi kuliko viti. Riziki alikuwa mstari wa pili. Nilikuwa nimempelekea ujumbe aje, bila kusema zaidi. Mwenyekiti wao alimsifu mpaka nikatazama chini.

Akasimama. Hakutoa kaye. Alisema amekuja kuondoa karatasi yake. Hawakuelewa, wengine walitabasamu. Akainua kitabu kizima, akawasomea ukurasa wa mia na kumi na mbili na unaofuata, taratibu. Ilipofika “Umechelewa, shika kisu” ukumbi ulipiga kelele kama ya watu wanaomwona ndugu yao mahali pasipo pake.

“Nilisoma hivi vitabu miaka kumi na mbili,” aliwaambia, “na sikuangalia kama makaratasi ni ya kitabu kimoja. Mutoto wa duwane wa siku ya kwanza angeangalia. Kosa iko yangu.” Kisha akamgeukia Riziki. “Mademoiselle huyu alisema hakuna aliyevuka. Mimi nilimufukuza. Yeye njo alikuwa na haki.”

Nilimaliza sekunde kadhaa nikiwa nimeketi. Zilikuwa nyingi kupita kiasi. Kisha nilisimama nikasema si yeye, ni mimi, ni mashine yangu na mikono yangu. Baadhi walicheka, walidhani ni teatre, igizo tu.

“Keti, Maman,” alisema.

Sikuketi. Nilieleza umeme, mafungu manne, namba. Nilipomaliza alikuwa ameketi yeye, uso umefungwa, na nilitambua kwamba nilikuwa nimemnyang’anya kitu alichotaka kukibeba peke yake. Hata leo sijui kama nilifanya vema. Kunyamaza kungekuwa vibaya pia.

Riziki ndiye aliyeinua mkono. Aliuliza, wala si kwa kejeli, “Na jino, Mzee? Ule muntu wa chumvi, jino lake?”

“Jino linaumaka bantu bote,” alijibu.

Baada ya hapo Jumamosi zilipungua watu. Wapo waliosema mzee amewaaibisha bure, kwamba wangeendelea kufurahi. Nasikia kopi zilizochanganyika bado zinazunguka, na kuna vijana wanaozipenda kuliko kitabu chenyewe. Riziki alirudi, wakasoma pamoja, wakigombana kwa adabu zaidi. Kwangu mimi Deklara alikuwa mpole na mbali. Kila alichoniletea nitoe kopi, alihesabu karatasi mbele yangu kabla ya kuzichukua. Iliniuma, nami sikuwa na la kudai. Miaka miwili tulikaa hivyo chini ya bati moja. Kisha siku moja aliuza meza yake akateremka kijijini Gikundamvura kulima, na kuaga kwake kulikuwa kunipa mkono.

Mwaka jana Riziki, sasa ni mwalimu na mama wa mtoto mmoja, aliniletea kitabu cha tano kizima. Alisema mzee macho yamepungua, nimpelekee mimi. Nikamuuliza kwa nini si yeye. Akaniambia nimpelekee mimi.

Nilipanda pikipiki mpaka Gikundamvura, nikamwambia dereva anirudie saa kumi. Nilimkuta barazani anachambua maharage kwa vidole, kwa kuyapapasa. Alinitambua kwa sauti. Aliuliza habari za mashine kabla ya habari za watoto. Nilimwambia nimeleta cha tano, akaniambia basi nisome. Nikasoma, kwa Kifaransa changu cha duwane, naye akanisahihisha karibu kila mstari. Tulimfuata yule mwanamume wa chumvi mpaka kisimani, na kwa mara ya kwanza tukavuka naye ukurasa ule pamoja. Alikuwa amekunywa maji akalala tu. Akaamka, akaendelea na safari.

Deklara alichambua maharage kwa muda.

“Na wewe?” aliniuliza. “Wewe unaonaje? Bale bantu banavukaka ao habavuke?”

Miaka kumi na minne ya Jumamosi, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nami sikuwahi kusema, nilikuwa nikiongeza karatasi kwenye mashine. Nilitaka kusema sijui. Ndilo neno langu.

“Minaona banavukaka,” nilisema. “Lakini si nguvu inabavusha. Kila kitabu iko muntu mumoja anaketi, anangojea, na habatuambie anangojea nani. Saba bote. Minaona ni bale. Muntu anavuka kwa sababu kule upande iko mwenye kumungojea.”

Aliacha maharage.

“Hapana,” alisema. “Kitabu cha pili hakuna anayengojea.”

“Iko mulinzi wa daraja.”

“Mulinzi iko kazini. Kulinda si kungojea.”

“Papa, yule analinda daraja ambalo lilianguka kabla hajazaliwa. Kazi gani hiyo?”

Niliketi wima, mtu mzima mimi, kama niliyeitwa ubaoni. Kisha alisogeza ungo pembeni kwa mguu, akavuta benchi lake karibu na langu mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana.

“Umekosea,” aliniambia. “Sikia sasa nikuonyeshe mahali umekosea.”

Akaanza. Hakunionea huruma hata kidogo. Aliponibana nilimjibu, nilipomjibu alipiga benchi kwa kiganja. Saa kumi pikipiki ilikuja ikapiga honi mara mbili. Nilimpungia dereva mkono aende.